Kuta za kugawa vyumba: matofali ya kuchoma, bloku, mbao au jipsamu?

Mjenzi wa Uyole

Salaam wana jukwaa. Ninajenga nyumba ya familia hapa Uyole, Mbeya, kwa kujisimamia mwenyewe na kwa fedha inayopatikana kidogo kidogo. Kuta za nje ni za matofali ya kuchoma zenye unene wa inchi 9, na ukuta mmoja wa katikati, wenye unene huohuo, ndio unaosaidiana nazo kubeba kenchi (fremu za mbao zinazoshikilia paa). Paa limekwishaezekwa bati, na jamvi (zege la sakafu) la inchi 4 lisilo na nondo limemwagwa juu ya kifusi cha moramu kilichoshindiliwa. Mpangilio wa ndani uliachwa wazi kwa makusudi, kwa kuwa familia ilikuwa haijakubaliana kuhusu idadi ya vyumba. Ndiyo maana kuta zilizobaki hazina msingi wa kwake chini ya jamvi.

Kuta hizo ziko sehemu nne: ukuta wa mita 4 kati ya sebule na chumba cha wazazi, ukuta kati ya vyumba viwili vya watoto, kuta za bafu lililo ndani ya chumba cha wazazi, na ukuta mfupi unaotenga jiko na stoo. Kimo ni mita 3 hadi kwenye mbao ya chini ya kenchi.

Nimepewa ushauri wa aina nne, na kila mtu anausifia ule wa kazi yake. Mwashi wangu anataka matofali ya kuchoma yasimamishwe ubavu ili yatoe ukuta wa inchi 3, kwa hoja kwamba nitaokoa matofali na nafasi. Mwashi mwingine anasema kuta za ndani zote ziwe za bloku za inchi 5. Ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam anashauri fremu nyepesi iliyofunikwa kwa jipsamu kwa sababu ni nyepesi na inakamilika haraka. Seremala naye ananihimiza kununua mbao za inchi mbili kwa nne kutoka Mafinga na kuzifunika kwa plaiwudi. Ninaomba kufahamishwa ni ipi kati ya hizi itavumiliwa na jamvi langu, ni ipi itazuia sauti ya redio ya sebuleni isimsumbue aliyelala, na ni ipi itahimili unyevu wa bafu katika baridi yetu hii ya Juni na Julai. Natanguliza shukrani.

Fundi Sanifu, Iringa

Kamwene, ndugu Mjenzi. Kabla ya kuchagua kifaa, tuupime uzito wa ukuta, kwa sababu ndio utakaoamua mambo mengi uliyoyauliza. Tuchukue ukuta wako wa sebule, mita 4 kwa mita 3, yaani mita za mraba 12. Ukijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyolazwa, unene wa inchi 4, na ukapigwa lipu pande zote mbili, utakuwa na uzito unaokaribia tani 2.7. Ukiwa wa bloku za inchi 5, pamoja na lipu, utavuka tani 3.5. Ukiwa wa fremu nyepesi iliyofunikwa jipsamu ya milimita 12 kila upande, hautazidi sana kilo 300. Unaona mwenyewe kwamba hizi si aina nne za kitu kimoja. Kuna kuta zinazohitaji kuwekewa kitu chini na kuna zisizohitaji.

Jamvi la inchi 4 lisilo na nondo, hata likiwa juu ya kifusi kizuri, mimi sipendi lipandishiwe tani 2 au 3 katika mstari mmoja mwembamba, hasa kwenye udongo wa Uyole, ambao sehemu kubwa ni majivu na mawe mepesi ya volkano yaliyotoka upande wa milima ya Rungwe. Udongo wa namna hiyo usiposhindiliwa kwa tabaka nyembamba hukaa kimya mwaka mzima, kisha hushuka maji yanapouingia. Jamvi likishuka kidogo tu, ukuta wa tofali hupasuka kwa mshazari kuanzia kona ya mlango, na hakuna lipu itakayouficha ufa huo kwa muda mrefu.

Dawa yake ni rahisi maadamu hujaweka vigae. Pale utakapopita ukuta wa tofali, kata jamvi kwa upana wa inchi 16 hivi, chimba kupita kifusi hadi ufike udongo wa asili ulioshikana, mwaga zege lenye nondo mbili za milimita 12, kisha panda kwa tofali hadi usawa wa sakafu. Kama chini ya jamvi kulitandikwa nailoni, ilipokatwa irudishiwe kwa kupandanisha kipande kipya juu ya kile cha zamani kwa upana wa kutosha, na juu ya msingi huo mdogo uwekwe mkanda wa kuzuia unyevu kabla ya kozi (safu ya tofali) ya kwanza. Wengi huuruka mkanda huo kwenye kuta za ndani kwa kuamini kwamba unyevu ni tatizo la kuta za nje peke yake, wakati maji ya ardhini hayana habari na ndani wala nje.

Kuhusu matofali ya kusimamishwa, ninapingana na mwashi wako moja kwa moja. Ukuta wa inchi 3 wenye kimo cha mita 3 una kimo kinachozidi unene wake mara 40. Hata huo wa inchi 4 uko kwenye mara 30, na unakubalika tu kwa sababu utashikwa pembeni na kuta nyingine. Zaidi ya hayo, fundi umeme atakuja kutindua njia za mabomba. Kanuni ya kawaida ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Katika inchi 3, mfereji wa mlalo unaoruhusiwa ni nusu inchi, ilhali bomba la umeme la milimita 20 peke yake linataka zaidi ya hapo. Atakata tu, na utabaki na ukuta uliogawanyika vipande viwili vinavyoshikiliwa na lipu. Hata kwenye inchi 4 mwambie ashuke wima kutoka darini, asitembee mlalo, wala asiweke soketi mbili mgongo kwa mgongo.

Ukuta mpya uunganishwe na ule wa zamani. Njia ya kwanza ni kutindua meno kwenye ukuta wa inchi 9 kila baada ya kozi moja na kuingiza tofali la ukuta mpya ndani yake. Njia ya pili, ambayo haisumbui ukuta wa zamani, ni kutoboa na kupachika vipande vya nondo ya milimita 6 kila kozi ya nne, kila kipande kikiingia walau inchi 4 ukutani na kulala futi 2 ndani ya mchanganyiko wa ukuta mpya. Jambo hili lisichukuliwe kuwa la hiari. Mbeya iko ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 13, 1910, lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4, na ni miongoni mwa makubwa zaidi kupimwa Afrika katika karne iliyopita. Ukuta mwembamba uliosimama peke yake bila kushikwa pembeni wala juu ndio unaowaangukia watu waliolala.

Juu nako kuna jambo. Usimruhusu mwashi akaze tofali la mwisho chini ya mbao ya kenchi. Kenchi hupinda kidogo bati likibebeshwa upepo, na mbao nayo husinyaa ikikauka. Ukikaza, ukuta wa kugawa vyumba utageuka kuwa nguzo ambayo hakuna aliyeipigia hesabu. Acha nafasi ya sentimita 2, ijaze kitu laini, na ukishike kichwa cha ukuta kwa vipande vya chuma cha pembe vilivyofungwa kwenye kenchi pande zote mbili, ili ukuta usiyumbe huku kenchi ikiwa huru kushuka.

Sasa sauti. Ukuta wa inchi 4 uliopigwa lipu pande zote hupunguza sauti kwa takriban desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 45. Wa jipsamu moja kila upande, bila kujazwa kitu katikati, takriban 35. Na tofauti ya desibeli 10 sikio huisikia kama sauti iliyoongezeka maradufu. Hata hivyo, hesabu hiyo haina maana ikiwa ukuta unaishia kwenye mbao ya chini ya kenchi na juu yake kuna dari jepesi lililotandazwa nyumba nzima. Sauti ya redio itapanda kupitia dari la sebule, itapita juu ya ukuta na kushuka chumbani, na utamlaumu mwashi bure. Moshi wa moto nao hupita njia hiyohiyo. Kwa ukuta wa sebule na chumba cha wazazi, ninashauri nafasi iliyo juu ya ukuta izibwe hadi karibu na bati, kwa tofali ikiwa msingi unaruhusu, au kwa fremu ya mbao na jipsamu ukitaka wepesi. Ukishafanya hivyo, kumbuka mlango: ukiwa na uwazi wa nusu inchi chini, desibeli zote ulizozigharamia zitatokea hapo.

Mbao za Mufindi

Ndugu Mjenzi, mimi nipo Mafinga na ninaishi kwa mbao, kwa hiyo nisikilizwe kwa tahadhari. Sipingani na Fundi Sanifu kuhusu ukuta wa sebule. Lakini kati ya vyumba vya watoto, ambako huenda miaka kumi ijayo utataka kuubomoa ukuta upate chumba kimoja kikubwa, fremu ya mbao ina nafasi yake, nayo haihitaji kukata jamvi.

Shida si mbao yenyewe, ni hali inayouzwa nayo. Paini ya msitu wa serikali wa Sao Hill na ya mashamba ya watu binafsi yanayouzunguka hupasuliwa leo na kupakiwa kesho, ikiwa ingali na maji. Ukiipigilia hivyo, itajipinda ikiwa tayari imefunikwa, na ubao uliogongomewa juu yake utaachia misumari au utapasuka kwenye maungio. Ukiwa sokoni, nyanyua mbao mbili za kipimo kimoja. Ile nzito bado ina maji. Tazama pia kichwa cha mbao: michirizi ya rangi ya buluu inayofuata mduara wa nje ni kuvu ya mbao iliyokaa mbichi bila kupangwa vizuri. Haipunguzi sana nguvu, lakini inakueleza ilivyotunzwa. Nunua mapema, zipange ndani ya nyumba yako ukiweka vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite, na uziache kwa wiki kadhaa wakati wa kiangazi. Usizipange kipindi cha mvua ukadhani zitakauka.

Paini isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa, na mchwa hupenya kwenye ufa mdogo tu wa jamvi. Angalau mbao ya chini inayolala sakafuni iwe imetiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, si ile ya kupakwa kwa brashi, na iwekewe kipande cha nailoni nzito chini yake. Nguzo zikae kila sentimita 60 ikiwa utafunika kwa jipsamu ya milimita 12, kwa kuwa karatasi yake ya mita 1.2 kwa 2.4 itaangukia katikati ya nguzo bila kukatwa. Ukitumia nyembamba zaidi, kaza hadi sentimita 40. Pale utakapotundika kabati au rafu, weka mbao za kulala kati ya nguzo kabla ya kufunika, kisha zipige picha, maana baadaye hakuna atakayekumbuka zilipo.

Plaiwudi kwa upande wangu siipendekezi kwenye nyumba ya kulala. Inashika moto, na inapiga kelele kila mtoto anapoigusa. Na tundu lolote litakaloachwa kati ya sakafu na ubao ujue limeandaliwa kwa ajili ya panya. Katika nyanda hizi, mavuno yakiingia ndani, nao huingia.

Mama wa Tukuyu

Naomba niongeze kuhusu bafu, kwa sababu sisi wa Rungwe mvua ni nyingi mno, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu ni jirani yetu wa kudumu.

Mwanangu Mjenzi, jipsamu usiilete bafuni. Ile ya kijani inayouzwa kuwa ya sehemu zenye unyevu inastahimili mvuke, lakini haistahimili maji yanayopenya nyuma ya vigae kila siku. Ikilowa ndani hulainika, na vigae hung'oka vikiwa vimeshikana na karatasi. Baridi huongeza tatizo: mtu akioga maji ya moto mwezi wa saba, mvuke hukimbilia ukuta wenye baridi na kugeuka maji, na kama dirisha ni dogo, kuvu nyeusi itaonekana kwenye kona za juu kabla mwaka haujaisha. Bafu lijengwe kwa bloku au kwa tofali la kuchoma lililoiva, lipigwe lipu ya saruji, lipakwe dawa ya kuzuia maji hadi kimo cha mtu anapooga, ndipo vigae vifuate. Chini, pale ukuta unapokutana na sakafu, dawa hiyo ipande juu kwa inchi 6 bila kukatika. Dirisha la bafu liwe linafunguka kweli.

Ukuta wa jiko na stoo usiuhangaikie sana. Ni mfupi, ujenge kwa tofali yatakayobaki. Ila kama utapikia mkaa au kuni humo ndani, usiweke mbao wala plaiwudi upande wa jiko. Jipsamu yenyewe haina ubaya na moto; takriban asilimia 21 ya uzito wa madini yake ni maji yaliyofungwa ndani, na moto hulazimika kuyafukuza kwanza kabla haujapita. Tatizo lake jikoni ni masizi na kugongwa na vyombo.

Mjenzi wa Uyole

Shikamoo Mama, na nawashukuru wote. Nimeelewa kuhusu bafu, na la kusimamisha matofali nimeliacha. Limebaki swali moja. Kwa ukuta wa sebule, mwashi wa pili anasisitiza kwamba bloku ni nafuu kuliko inavyoonekana kwa sababu matofali ya kuchoma yanakula saruji nyingi ya lipu. Je, hoja yake ina ukweli, au anatetea kazi yake tu?

Mwashi wa Vwawa

Hoja yake ina ukweli, ndugu, ingawa haitoshi kukubadilisha. Tofali la kuchoma la kienyeji halina vipimo sawasawa: moja limevimba, jingine limepinda tanurini, na ukuta wa inchi 4 unaweza kunyooka upande mmoja tu, kwa kuwa mwashi huvuta kamba upande huo na kuuachia upande wa pili makosa yote ya tofali. Upande huo wa pili ndio unaokula lipu. Kwenye bloku iliyofyatuliwa vizuri, lipu ya milimita 12 inatosha. Kwenye tofali baya utafika wastani wa milimita 20. Kwa ukuta wako wa mita za mraba 12, pande zote mbili, hiyo ni karibu mita 0.3 za ujazo dhidi ya karibu 0.5. Mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tano hula takriban mifuko 6 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tofauti ni kama mfuko mmoja na robo kwa ukuta mzima. Zidisha kwa bei ya mfuko ya siku hiyo, kisha linganisha na tofauti ya bei ya bloku na tofali ikiwa imefikishwa kwako. Bei ya kipande kimoja isikudanganye. Linganisha bei ya mita moja ya mraba ya ukuta uliokwisha lipu. Hapo Uyole, ambako matofali ya kuchoma hayatoki mbali, mara nyingi tofali litashinda, na ni jepesi kwa msingi wako.

Ila chagua tofali. Gonganisha mawili: likiiva hulia kama chuma, likiwa bichi hutoa sauti butu. Liweke moja kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Kama asubuhi kona zake zinameguka kwa kidole, tanuri hilo lilizimwa mapema. Yale ya pembeni ya tanuri, yenye rangi ya manjano iliyopauka, yanafaa kwa kazi za shambani. Na yaloweshwe kabla ya kujengwa, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko kabla saruji haijashika, na unabaki na mchanga mtupu kati ya kozi. Naona vijana wengi wakiyamwagia maji baada ya kujenga. Hiyo haisaidii kitu. Maji yanatakiwa yawe yameingia kabla.

Mchanganyiko wa kujengea kuta hizi usizidi ukali wa saruji moja kwa mchanga sita. Ukiwa mkali kuliko tofali lenyewe, siku ufa ukija utapita katikati ya tofali badala ya kufuata maungio.

Mjenzi wa Uyole

Basi nimeamua hivi: ukuta wa sebule na kuta za bafu zitakuwa za tofali la kuchoma la inchi 4 juu ya msingi mdogo alioueleza Fundi Sanifu, na kati ya vyumba vya watoto nitaweka fremu ya mbao iliyotiwa dawa na jipsamu ya milimita 12. Jiko na stoo nitafuata ushauri wa Mama. Kuna utaratibu wowote wa kuanza na kipi kwanza?

Fundi Sanifu, Iringa

Anza kukata jamvi na kumwaga misingi yote kwa pamoja, kisha iache siku 7 ikimwagiwa maji. Kuta za tofali zifuate, na mwashi asipandishe zaidi ya mita 1.2 hadi 1.5 kwa siku, kwa sababu ukuta wa inchi 4 ukipandishwa hadi juu kwa siku moja huanza kujipinda ukiwa bado mbichi, na timazi (unyoofu wa wima) ya asubuhi haitakuwa timazi ya jioni. Fundi umeme aingie kabla ya lipu. Fremu ya mbao iwe ya mwisho kabisa, lipu yote ikiwa imekwishakauka. Vinginevyo mbao zako ulizozikausha kwa wiki kadhaa zitanywa tena unyevu wa nyumba.